Bwana harusi alitoka kama kivuli

SWALI

Mzee wetu, asalaam aleykum.

Mimi ni binti wa miaka 23, mkazi wa Bombo, Uganda. Nina kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu, kando ya barabara kuu ya kwenda Gulu. Tangu nikiwa shule napenda picha. Harusi ikipita, watu wanamtazama bibi harusi, mimi namtazama mpiga picha amesimama wapi.

Mwezi uliopita binamu yangu aliolewa. Baba mdogo alikuwa amempa mpiga picha mmoja wa mjini malipo ya awali. Siku mbili kabla ya nikahi, yule bwana akapiga simu kusema amepata kazi nyingine. Jamaa wote wakanigeukia mimi. Nikaazima kamera ya jirani, Nikon D3300, nikaiacha kwenye otomatiki kwa sababu vitufe vyake nilikuwa sivijui, nikapiga picha 640 kuanzia asubuhi hadi usiku kwenye doluka, ile ngoma yetu Wanubi.

Mzee, nilipozifungua kwenye kompyuta nilitamani ardhi ipasuke. Bwana harusi yuko ndani ya kanzu nyeupe pepepe, lakini uso haupo, utadhani kivuli kimevishwa kanzu. Akina mama waliokaa chini ya hema jekundu wametoka wekundu kama nyanya, na gurbaba zao, yale mavazi ya akina mama wa Kinubi, za kila rangi zimekuwa rangi moja. Doluka ndiyo usiseme, mtu mmoja ana mikono minne. Binamu yangu hakunigombeza. Alisema tu, "Asante, dada," akafunga kompyuta. Tangu siku ile hapiti kibandani kwangu.

Nina akiba ya shilingi 1,400,000. Rafiki yangu anasema ninunue kamera mpya kwa kuwa ile ya jirani ni ya zamani. Mwingine anasema kuna mafunzo ya miezi mitatu Kampala, ada 900,000. Shangazi anasema niache kabisa, hiyo ni kazi ya wanaume. Simu yangu ni Tecno ya kawaida. Nimekutumia picha kumi na mbili uone mwenyewe. Nianzie wapi?

Binti wa Bombo

JIBU

Waaleykum salaam, binti yangu.

Picha zako nimezitazama mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimevaa miwani. Kamera ya jirani haina hatia. D3300 ilitoka mwaka 2014, ina megapikseli 24, na mpaka leo inatosha kutoa picha ya kutundika sebuleni. Ukinunua mpya kesho ukaiacha kwenye otomatiki chini ya hema lile lile, utapata nyanya zile zile.

Tuanze na bwana harusi, kwa sababu huyu peke yake atakufundisha mambo ambayo mwalimu wa shilingi 900,000 huenda akayafikia mwezi wa pili.

Kamera haijui kama inatazama kanzu, ng'ombe au ukuta wa msikiti. Inapima tu mwanga unaoirudia, na imeundwa kuamini kwamba kilicho mbele yake, kikichanganywa chote pamoja, kitakuwa kijivu cha katikati. Wewe ukaielekeza kwenye kanzu nyeupe, na nyuma yake uwanja unawaka jua. Ikaona weupe mwingi, ikadhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Kanzu ikasogea kwenye kijivu, na uso wa kijana wetu ukazama. Siku utakapompiga bibi mwenye shela nyeusi mbele ya mlango wenye giza, itafanya kinyume: itaona weusi mwingi, itaongeza mwanga, na ngozi ya bibi itatoka kama imepakwa majivu.

Dawa yake ni kitufe kidogo chenye alama ya kujumlisha na kutoa, kiko karibu na kile cha kupigia picha. Katika otomatiki hakikusikilizi, kwa hiyo zungusha gurudumu la juu hadi herufi P kwanza. Kisha ongeza hadi +1, yaani mwanga maradufu. Tazama kanzu: kama bado unaona mikunjo ya kitambaa, uko salama. Mikunjo ikipotea, shusha kidogo. Kwenye Tecno yako ni rahisi zaidi. Gusa uso wa mtu kwenye kioo, litatokea jua dogo pembeni, liburute juu. Jaribu leo hapo kibandani, na mteja akiuliza mwambie unasoma.

Hili la ngozi nyeusi lina historia, na sisi wa studio za zamani tuliliishi bila kujua jina lake. Zama za mikanda, Kodak ilikuwa ikituma kwenye maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Mashine ya kusafishia picha ilirekebishwa hadi Shirley apendeze. Sisi wengine tulitokea tulivyotokea. Kamera za leo zimeboreka sana, lakini otomatiki bado haikujui wewe wala shemeji yako. Na ukishapiga, usikimbilie kile kichujio cha urembo kwenye simu kinachong'arisha uso. Nimeona picha za harusi ambamo bibi harusi ana rangi ya uji na mkono wake ni wa mtu mwingine.

Sasa hema. Jua likipita kwenye turubai jekundu, mwanga unaofika chini ni mwekundu, na kamera inapiga kilichopo. Unaweza kuiwekea kipimo cha weupe kwa karatasi nyeupe, itasaidia kidogo. Lakini rangi ambayo turubai imeshaizuia huwezi kuirudisha: kijani na buluu havikufika kwenye zile gurbaba, kamera ingezitoa wapi? Kwa hiyo hema jekundu halitibiwi kwenye kompyuta, linatibiwa kwa miguu. Wasogeze watu hadi ukingoni mwa hema, wageukie nje, wewe simama nje uwatazame. Mwanga mweupe wa anga unawaingia usoni kwa upole, na nyuma yao hema linakuwa giza tulivu. Nimepiga harusi nyingi kuliko umri wako, na nusu ya picha zangu nzuri zilipigwa hatua mbili kutoka kwenye ukingo wa hema. Ukiulizwa unapendelea hema la rangi gani, sema jeupe, na useme mapema kabla baba mdogo hajalipia.

Halafu doluka. Hapa binti yangu kuna jambo hulijui kuhusu picha zako: kila picha ya dijitali hubeba ndani yake cheti cha kuzaliwa. Ifungue kwenye kompyuta, tafuta maelezo ya faili. Ile ya mikono minne inasema hivi: lenzi milimita 55, tundu la kupitishia mwanga f/5.6, kasi ya kupiga sekunde 1/20, na ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, 3200. Yaani ulisimama mbali, labda kwa kuona haya, ukavuta zumu hadi mwisho.

Lenzi ile ya 18 hadi 55 ina tabia moja. Ikiwa kwenye 18, tundu lake hufunguka hadi f/3.5. Ukiivuta hadi 55, haliwezi kuzidi f/5.6. Namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, usichanganyikiwe. Tofauti ya hizo mbili ni mwanga mara mbili na nusu. Ungerudisha zumu hadi 18 ukaingia karibu na wachezaji, ile sekunde 1/20 ingekuwa 1/50. Ungepandisha ISO hadi 6400, ingekuwa 1/100. Ungesubiri wachezaji wafike karibu na taa, ungeikaribia 1/250, na hapo mtu anabaki na mikono yake miwili. ISO ikipanda, picha inakuwa na chembechembe kama mchanga. Ziache. Hakuna mama aliyewahi kunirudishia picha kwa sababu ya mchanga, ila za ukungu wamezirudisha wengi. Na usikilize ngoma. Mkono ukifika juu kabisa kabla ya kuanza kushuka, kuna nukta umesimama. Wewe umekulia ndani ya doluka, unaijua ile nukta inakuja lini. Yule wa mjini aliyewaacha angekuwa anabahatisha.

Hayo matatu, yaani mwanga kwenye uso, mwanga unatoka wapi, na tundu, kasi na ISO vinavyosukumana, ndiyo karibu masomo yote. Mengine ni mazoezi.

Mazoezi yaanze na simu, miezi miwili, kabla hujagusa akiba. Futa lenzi ya simu kwa pamba safi kila asubuhi. Unacheka, lakini nusu ya simu za Bombo zinapiga picha kupitia mafuta ya chapati. Weka programu ya Open Camera, ni ya bure, inakupa ISO na mambo ambayo kamera ya simu inakuficha. Kuna simu zinazokubali kila kitu ndani yake na nyingine zinakataa baadhi, utaona ya kwako. Kisha chukua kitu kimoja kisichochoka kukaa, kwa mfano moja ya zile kawa za kufunikia chakula wanazosuka bibi zetu. Iweke dirishani. Ipige mwanga ukiwa mbele yake, kesho ukiwa ubavuni, keshokutwa ukiwa nyuma. Mwanga wa ubavuni ndio utakaokuonyesha kila uzi wa ukili. Ukishaona hivyo kwenye kawa, mweke mdogo wako pale pale dirishani.

Utasoma kwenye intaneti kwamba kuna "saa ya dhahabu" asubuhi na jioni. Walioiandika wengi wao wanaishi mbali na sisi. Kule London jua hupanda kwa mshazari, mwanga laini unachelewa kuondoka. Sisi Ikweta iko pale Kayabwe, barabara ya Masaka, na jua letu linapanda karibu wima, nyuzi 15 kila saa. Ile dhahabu inakaa nusu saa tu au pungufu. Jua linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, mwaka mzima. Ukisema unakunywa chai kwanza, imekwenda. Jambo jingine, utosini hatupigwi saa sita kamili. Saa zetu za ukutani zinafuata longitudo ya nyuzi 45, iliyo jirani na Mogadishu, kwa hiyo hapa jua linafika kileleni karibu saa saba kasoro dakika kumi. Wakati huo macho ya watu yanakuwa mashimo meusi chini ya nyusi. Na ndio wakati ambao kila familia inataka picha ya pamoja! Usibishane nao. Wapeleke chini ya mwembe, au kwenye baraza, kivuli kizima, si kile chenye madoadoa ya jua kupitia majani.

Halafu hizo 640. Sisi mkanda ulikuwa na picha 36, na kila moja ililipiwa. Unaijua kamera ya kwanza ya dijitali? Ilitengenezwa Kodak mwaka 1975 na mhandisi Steven Sasson, na kuhifadhi picha moja kwenye kaseti kulichukua sekunde 23. Basi siku moja kwa wiki, jifanye simu yako ni ile. Ukipiga, hesabu hadi 23 kabla ya kupiga nyingine. Utajikuta unatazama pembe za picha, unaona ndoo iliyoota kichwani kwa mjomba, unasogea hatua. Jioni chagua tatu, na kwa kila moja jiambie kwa sauti kwa nini umeichagua. Zile usizozichagua usizifute mpaka mwezi uishe. Makosa yako ndiyo daftari lako.

Tazama pia kazi za wengine, lakini si kwa kupenda tu. Chukua picha ya ukurasa wa mbele wa Daily Monitor au New Vision, au zile zilizowahi kushinda Uganda Press Photo Award, uangalie ndani ya macho ya mtu aliyepigwa. Mara nyingi utaona nukta nyeupe. Hiyo ndiyo taa au dirisha lililotumika, na umbo lake linakuambia liko wapi. Mimi hivyo ndivyo nilivyoiba ujuzi wa tajiri wangu aliyekuwa hataki kunifundisha.

Kuhusu ada ya 900,000: sisemi mafunzo ni mabaya. Lakini kabla ya kulipa, nenda uwaulize wakuonyeshe picha za wanafunzi, si za mwalimu, na uulize kama mwalimu hukaa na kila mwanafunzi kupitia picha zake moja moja. Wakianza kukuonyesha kompyuta na viti, rudi nyumbani. Ningekuwa wewe ningetafuta mpiga picha mwenye kazi nyingi za Jumamosi, hapo Bombo au Wobulenzi, nimwombe nimbebee mifuko na taa kwa nauli na chakula tu. Harusi sita hivi. Utajifunza anasimama wapi, swali lako la tangu shule.

Na kamera? Muulize jirani kama atakukodisha D3300 kwa siku za mwisho wa wiki. Huenda akakuuzia. Ikifika kununua ya mkono wa pili, kwake au Kampala, nenda mchana na kadi yako mwenyewe. Piga ukuta mweupe kwa f/16 halafu ikuze picha: madoa yanayokaa mahali pale pale ni uchafu kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha. Mulika ndani ya lenzi kwa tochi. Ukiona kitu kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, achana nayo hata akikupunguzia. Uliza shata, ule mlango mdogo unaofunguka kila unapopiga picha, imepigwa mara ngapi. Kwa kamera za daraja hili, ikikaribia 100,000 bei ishuke sana. Kisha weka pesa kwa lenzi moja zaidi, milimita 50 au 35 ya f/1.8. Ile f/1.8 inaingiza karibu mara kumi ya mwanga uliokuwa nao kwenye doluka. Ila angalia sana: D3300 haina mota ya fokasi ndani ya mwili wake, kwa hiyo lenzi iandikwe AF-S. Ikiandikwa AF peke yake utazungusha fokasi kwa mkono hadi uchoke. Nyumbani ihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, hasa miezi ya mvua. Usiweke mchele, mchele una vumbi.

Unakaa Bombo, sihitaji kukuambia majirani zako ni nani. Kamera usiielekeze kwenye lango la kambi wala magari ya jeshi, hata kama machweo yamependeza upande huo. Na wageni wa harusi ambao hukuwauliza, picha zao usizitangaze, watoto hasa. Tangu mwaka 2019 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi, lakini hata bila sheria ungeitwa na wazee.

Shangazi nampa heshima yake, ila hapa amesahau kitu anachokijua kuliko mimi. Usiku wa hina, chumba cha bibi harusi anapovishwa, akina mama wanapojiachia wenyewe kwa wenyewe, mimi na umri wangu wote huu sijawahi kuruhusiwa kupita mlango. Picha za mle hazipo, au zimepigwa na mpwa mwenye simu, gizani. Wewe unaweza kuingia. Familia ngapi kutoka Bombo hadi Arua zingependa binti wa kwao, mwenye adabu, anayejua mwanga, apige siku ile na kuwakabidhi wenyewe kadi? Muulize shangazi hilo, halafu uone kama hatakutafutia kazi ya kwanza.

Mwisho, binamu yako. Katika zile kumi na mbili, ya tatu na ya tisa, za akina mama chini ya hema, zina nyuso nzuri mno. Zigeuze ziwe nyeusi na nyeupe kwenye Snapseed, ni bure. Wekundu wote unaondoka na kicheko kinabaki. Ya bwana harusi pandisha sehemu za giza polepole, uso utarudi kiasi. Zichapishe kubwa kidogo, uzitie kwenye bahasha, umpelekee nyumbani, usimsubiri kibandani. Mwombe siku moja avae tena gurbaba ya harusi, na mumewe kanzu. Wakubaliane nawe saa kumi na mbili na robo jioni, penye ukuta unaotazama magharibi. Utakuwa na kama nusu saa. Weka +1 kwa ajili ya kanzu, tazama mikunjo.

Akikubali, nitumie moja.